Kisanduku Kilichozibwa kwa Nta

Jumatatu, 6 Januari

Mume wangu Gervais karudi leo na matope hadi kwenye nyusi. Gari limekosa nguvu tena kwenye kilima cha kabla ya Kibaoni. Abiria wameshuka wakasukuma, wanawake na viatu mkononi, na mmoja kamtukana mpaka ukoo wake wote wa Katumba. Gari lenyewe si lake. Ni pikapu ya dizeli ya mzee Methusela wa Majimoto, mfanyabiashara wa mchele, mtu ambaye akikohoa tu madereva wake wanasimama wima. Mzee kapiga simu tukiwa tunakula, sauti nimeisikia mpaka upande wangu: "Gervais, ukikwama safari nyingine gari nampa mpwa wangu." Hata pole hakusema.

Mvua imeshika vibaya mwaka huu. Njia ya Majimoto kuja huku Mpanda inapita katikati ya hifadhi, na humo ukikwama si mahali pa kushuka na kupiga soga. Naandika hapa kwa sababu nikiyasema kwa mdomo, Gervais anasema namtabiria mabaya.

Jumatano, 8 Januari

Kaja na video kwenye simu, wametumiana madereva kwenye kundi lao. Wanaiita dawa ya gari.

"Mama Recho, wewe si unafungua simu za watu zenye vidude vidogo kama chawa? Hiki kitakushinda?"

Anajua pa kunikuna huyu mwanaume. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu pale sokoni, na sipendi kuambiwa kitu kitanishinda. Nimeitazama mara mbili, nimeelewa. Kwenye injini kuna sensa inayopima dizeli inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, halafu inapeleka habari kwa kompyuta ya gari. Kisanduku kinakaa katikati yao. Sensa ikisema nguvu ni kubwa, kisanduku kinaiambia kompyuta nguvu ni ndogo. Kompyuta inaamini, inaiamuru pampu isukume zaidi. Ni mmbea tu, amekaa kati ya watu wawili anageuza maneno.

Nimemuuliza, sasa kule kiwandani ile sensa waliiweka ya nini? Kasema niache maswali ya mafundisho ya kipaimara.

Jumamosi, 11 Januari

Nimekimaliza. Vipande nimevitoa kwenye redio mbovu, kisanduku chenyewe ni kikopo cha plastiki. Kwa sababu ya mvua nimekiziba chote kwa nta, pembe zote, na matundu ya waya. Baba yangu alikuwa na mizinga kule Katumba, kwetu kila kinachovuja kinazibwa kwa nta: ndoo, dumu, mpaka redio yake ya mkulima. Maji hayapiti kwenye nta.

Gervais kakifunga juu, karibu na betri. Tumelijaribu njia ya Magamba. Mama yangu! Gari limepanda kilima cha huko kana kwamba hakuna kitu nyuma. Gervais kaimba, kawapigia mbuzi honi, kacheka kama siku ile anatoka kunichumbia. Mimi nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili.

Jumapili, 12 Januari

Mvua. Kanisani sikusikia hata neno moja.

Jumanne, 14 Januari

Kafika kutoka Majimoto kabla ya magari yote yaliyomtangulia. Mzee Methusela kamwita "kijana wangu" kwenye simu. Gervais kairudia hiyo sentensi wakati wa chai, wakati wa ugali, na wakati wa kulala.

Alhamisi, 16 Januari

Dada mmoja kaniletea simu imevimba tumbo, kioo kimeinuka. Alikuwa anaichaji kwa chaja ya bei ya mtaani, ambayo haijui betri ikishajaa. Inaendelea tu kusukuma umeme. Nimeitoa ile betri kwa uangalifu, nikaiweka kwenye mchanga nje. Nilivyorudi kukaa, niliishika ile chaja mkononi. Nimelijua mara moja jambo lililonijia kichwani. Ile chaja na kisanduku changu ni mtu na mdogo wake.

Jumapili, 19 Januari

Shati la Gervais linanuka dizeli. Si harufu ile ya siku zote ya dereva. Nimelifua mara mbili na bado. Nilipomuuliza kasema kuna bomba linalovuja kidogo tu, fundi Telesfori ataliangalia. Telesfori ndiye fundi wao wa magari pale stendi, ana maneno mengi kuliko spana.

Alhamisi, 23 Januari

Leo gari lilikuja nyumbani kuoshwa. Gervais kaingia ndani kunywa uji, mimi nikafungua boneti.

Nta imeyeyuka. Imetiririka kwenye betri mpaka chini, imeganda huko kama michirizi ya mshumaa. Pembe moja ya kikopo iko wazi, nyaya zangu naziona hivi hivi.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika mdomo. Nta, Emelyne? Mtoto wa mfuga nyuki mzima, umesahau kwamba nta inayeyuka? Sisi tulikuwa tunaianika juani tuichezee, tukitengeneza ng'ombe. Nikaenda kuiweka juu ya injini ya dizeli yenye mzigo! Nilikuwa nawaza maji tu, moto sikuuwaza.

Nimemwita. Nimemwambia taratibu, kwa adabu zote, kwamba maji yakiingia mle ndani, kompyuta itapata habari zisizoeleweka na gari litazima palepale. Linaweza kuzima kilimani au ndani ya maji, halichagui.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Tukitoe, Baba Recho. Leo."

"Tukitoe nirudi kusukumwa na wanawake? Mzee gari ampe mpwa wake? Mimi nirudi kubeba magunia mgongoni, si ndiyo unachotaka?"

"Nataka uwe hai."

"Basi ziba vizuri! Wewe ndiye fundi."

Sikuwa na gundi ya maana. Nimekizungushia kikopo mpira wa baiskeli na kuufunga kwa uzi, najua kabisa hautoshi. Kaondoka nacho. Hakuniaga.

Jumatatu, 27 Januari

Gervais ananisimulia huku anacheka. Kwenye korongo moja la katikati ya hifadhi gari "limezima kidogo tu". Maji yalikuwa yanafika kwenye bampa. Kakaa dakika chache, kawasha, likawaka. Ng'ambo ya korongo nyati walikuwa wamesimama wanatazama, basi abiria wa nyuma wakaanza kusali rozari kwa sauti. Hicho ndicho kinachomchekesha.

Nimemuuliza nyuma kulikuwa na nani. Kasema watu tu. Watu gani? Akina mama wawili watatu wanaenda hospitali, juu ya mchele.

Sijala chakula.

Jumamosi, 1 Februari

Alikuwa amelala mchana, kachoka. Nimechukua bisibisi, nimekitoa kisanduku, nimerudisha soketi ya gari kwenye sensa yake kama ilivyokuwa. Nimekificha chini ya mkaa. Nilivyomaliza nilijisikia mwepesi, nimepika hadi mandazi.

Jumapili, 2 Februari

Hakufika mbali. Kilima cha kwanza tu kajua. Karudi kageuza nyumba, kakuta kisanduku, na Recho amesimama mlangoni anaona baba yake anamwaga mkaa sebuleni. Hajawahi kunipiga huyu mwanaume na leo hakunipiga. Ila alinitazama kwa namna ambayo ningependa anipige yakaisha.

Kampelekea Telesfori akifunge upya, mahali ambapo mimi sitakiona. Karudi jioni kasema kwa upole kabisa: "Sasa hujui kilipo, hata mimi sijui. Tulia."

Miaka yote nimewaambia wenzangu sokoni mume wangu ni mtu wa kusikia. Nilimjua akiwa hana kitu cha kuringia.

Jumatano, 5 Februari

Mvua.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeandika namba ya mzee Methusela kwenye simu, nimeitazama, nimefuta. Nimeandika tena. Nimwambie nini? Shikamoo mzee, mimi ndiye niliyelichezea gari lako bila wewe kujua? Yule mtu aliwahi kumlaza dereva rumande kwa kioo tu kilichopasuka. Atamfukuza Gervais, atanipeleka polisi mimi, na Recho atabaki na nani? Na nisipomwambia, je?

Nimefuta.

Jumapili, 9 Februari

Safari salama. Mungu wangu, asante.

Alhamisi, 13 Februari

Kalavati la kwenye lile korongo limebebwa na maji. Magari yanapita chini, kwenye mchepuko, ndani ya maji yenyewe. Wengine wameegesha Sitalike, upande huu wa hifadhi, wanasubiri yapungue. Gervais kasema wanaosubiri ni wale wasio na gari lenye nguvu. Kasema mbele ya watu, anajisifu! Kila akivuka anazidi kuamini. Mimi kila akivuka nahesabu kwamba zamu ya kutovuka imesogea.

Nimemshika mkono mlangoni, nimemwambia naogopa. Nimelisema hivyo hivyo, wazi. Kaniambia, "Wewe toka zamani ni mwoga," kisha kanifuta shavu kwa kidole chenye grisi.

Jumanne, 18 Februari

Nitaandika yote.

Asubuhi Gervais alinipigia kutoka Majimoto. Leo mzee Methusela mwenyewe yuko kwenye gari, anakuja benki. Nyuma kuna mchele na watu. Mbele, katikati yao, kuna mama mmoja anaitwa Tereza na mtoto mchanga mwenye homa, wanaletwa hospitali. Alisema, "Nitakuwa hapo mchana, uniwekee maharage." Nilimuuliza kuhusu mvua ya upande wao. Kasema inanyesha ya kawaida.

Mchana ukafika, ukapita. Simu yake haipatikani, na humo hifadhini mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikajipa moyo. Nilikuwa mezani nachomelea simu ya mteja. Nilichoma kidole, nikachoma na meza. Mama Kelvin, anayeuza nyanya jirani yangu, akaniambia, "Emelyne, funga uende nyumbani, leo unaunguza mali za watu." Nikamwambia nitafunga. Sikufunga, kwa sababu pale mtandao unashika vizuri kuliko nyumbani.

Kisha ikaita. Jina lake.

"Mama Recho. Maji."

Nilisikia hayo maji. Nilisikia watu wanaita majina ya watakatifu, na mtoto analia, na sauti ya mwanaume mzee inafoka, "Washa! Si uwashe!" Gervais alikuwa amesimama juu ya bodi ya gari, ndipo mtandao ulipo. Gari limezima katikati ya mchepuko. Haliwaki. Wakati linazima maji yalikuwa chini ya mlango, sasa yanaingia ndani. Mto unazidi kuja kutoka juu.

"Baba Recho, weka sauti kubwa," nikasema. "Shuka ufungue boneti, simu mpe mtu aishike karibu na wewe."

"Mzee yuko hapa," akasema kwa sauti ya chini.

Nikaelewa anachoniambia. Kwamba nikizungumza, mzee atasikia. Hata pale, maji yakizidi kupanda, mume wangu alikuwa anahofia mzee atasikia! Na mimi nilikaa kimya kidogo. Lazima niandike hili. Nilikaa kimya, nikawaza rumande.

Halafu yule mtoto akakohoa.

"Mpe mzee simu," nikasema.

Ikapokewa. "Nani huyu? Anajua nini huyu?"

"Shikamoo mzee." Sijui kwa nini. Mdomo ulisema wenyewe.

"Marahaba," akajibu, amekaa kitini na maji yanamfika kwenye mapaja, maskini.

"Mzee, kwenye gari lako kuna kitu nimekitengeneza mimi. Kimeingia maji, ndicho kimelizima gari. Gervais anatakiwa akichomoe. Tafadhali shika simu juu, asinipoteze."

Nikamsikia anashuka majini.

Nikamwambia Gervais: kuna sensa kwenye bomba la dizeli juu ya injini, ipapase. Ameipata. Pale kuna soketi yangu, ina uzi mwekundu, ichomoe. Ameichomoa. Sasa tafuta soketi ya zamani ya gari, ile iliyokuwa hapo kabla, uirudishe. "Haipo!" Ipo. "Emelyne haipo, Telesfori kaificha!" Aliniita Emelyne, jina ambalo hajalitumia tangu Recho azaliwe. Nikamwambia waya wake hauwezi kwenda mbali, afuate kwa vidole kushuka chini, aguse, asitazame. Nikasikia anapumua. Nikasikia mwanamke anasema kuna kitu kinaelea kule, kuna kitu kinakuja, na mwingine anasema ni gogo, ni gogo tu, nyamaza. Soko zima la Mpanda lilikuwa limenizunguka na mimi nimeinama chini ya meza nimeziba sikio la pili.

"Nimeipata," akasema. "Iko chini ya maji."

"Ivute juu. Ipulize. Ipulize kwa nguvu, iwe kavu. Ichomeke."

Alipuliza. Nilimsikia anapuliza kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi.

Simu ikakatika.

Nimepiga mpaka betri yangu ikaisha. Nimechaji, nimepiga tena. Mama Kelvin kanirudisha nyumbani kwa kunishika kiuno.

Jumatano, 19 Februari

Wako hai. Wote.

Gari liliwaka. Ila mzee aliingia ndani akawasha wakati mkono wa Gervais ungali mle, na mkanda wa feni umemchukua vidole viwili. Kafika hospitali kaufunga mkono kwa kanga ya Tereza. Mtoto wa Tereza naye kalazwa, homa inashuka.

Nimekaa pembeni ya kitanda. Nimemlisha maharage.

Jumamosi, 22 Februari

Mzee Methusela kaja mezani kwangu sokoni. Nilivyomwona anavuka barabara na koti lake, nikafunga droo, nikaweka funguo mfukoni, nikasimama kumsubiri. Nilikuwa nimeshamwambia Mama Kelvin amchukue Recho shule wakinipeleka kituoni.

Kaa, kaniambia. Kisha akacheka.

"Kumbe ndiyo maana gari langu lilikuwa linakimbia hivyo! Mama, nyie ni watu hatari. Mimi nina mengine mawili."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia mzee, kile kitu ndicho kilichotaka kuwaua.

"Kilizima kwa sababu kiliingia maji," kasema. "Tengeneza kisichoingia maji."

Nikamweleza mabomba yanavyozidiwa, dizeli inavyovuja juu ya injini yenye moto, kwamba hata bila maji kuna siku litalipuka. Nimeeleza mpaka nimekaukiwa mate. Kanisikiliza kwa heshima zote, kasema basi nifikirie, hana haraka, na kama sitaki yuko Telesfori, kile cha kwanza anacho tayari na amekifungua kukiangalia. Kaniachia salamu kwa mume wangu.

Msimu mzima nimemwogopa huyu mzee kwa ukali wake. Leo ameniogopesha zaidi kwa kicheko chake.

Na kumbe Majimoto hadithi ni nyingine kabisa. Waliokuwa nyuma ya gari hawakusikia vizuri nilichosema. Walichoona ni hivi: gari limekufa, mke wa dereva kaongea kwenye simu, gari likafufuka. Kwa hiyo dawa ya Emelyne ndiyo iliyowatoa majini! Simu yangu haipumziki. Madereva nisiowajua wananiita shemeji. Kila mmoja nimemwambia hapana, kitu kile ni kibaya, na kila mmoja anacheka anasema naficha biashara.

Nimemwambia Gervais lazima tuseme ukweli, yeye aseme, yeye ndiye dereva, watamsikia. Kautazama mkono wake uliofungwa.

"Mzee kasema kazi yangu ipo nikipona," kasema. "Watu wananiita shujaa. Nyamaza tu, Mama Recho. Mungu ametuficha, sisi tujifichue?"

Jumanne, 25 Februari

Leo asubuhi kaja Tereza. Ni mwembamba, mdogo kuliko nilivyomdhania, mtoto mgongoni amepona, kichwani ndoo ya mchele, jogoo kwapani. Amekuwa kwa dada yake Ilembo tangu mtoto atoke hospitali. Alipoingia tu akapiga magoti, na mimi nikamwinua, na jogoo akatuponyoka akaingia uvunguni. Tulicheka wote. Gervais naye alicheka, amekaa kwenye kiti chake na mkono juu ya mto.

"Dada, nilikuwa nimeshamfunga mtoto kifuani," Tereza akaniambia. "Nilijua tunaenda. Nilikuwa namwambia Mungu atuchukue pamoja asimwache mmoja. Halafu nikasikia sauti yako, ingawa maneno sikuyashika kwa kelele za maji."

Gervais akanitazama. Macho yake yalikuwa yananisihi kabisa.

Ningeweza kupokea ule mchele. Watu wangapi wanapokea.

"Tereza," nikasema, "mimi sikuwaokoa. Kile kitu nilichowafungia ndicho kilichozima gari. Nilijua kina kasoro mwezi mzima kabla, na gari likaendelea kuwabeba. Ulichosikia kwenye simu ni mimi namwelekeza Gervais akitoe. Kilipochomolewa ndipo gari likawaka."

Hakuelewa mara moja. Nikarudia, na nilipofika katikati niliona uso wake unabadilika, na nilijua hapa atanitemea mate. Nilijiandaa.

Lakini hakuwa ananitazama mimi tena.

"Gideon kafungiwa jana," akasema.

Gideon ni mumewe. Anaendesha pikapu nyingine ya mzee Methusela. Jana Telesfori kaenda Majimoto kwa bodaboda na visanduku viwili, Gideon akawa wa kwanza kupanga foleni, kwa sababu mke na mtoto wake walitolewa majini na hiyo dawa. Leo anakuja kuwachukua. Kaondoka alfajiri.

"Piga," nikamwambia. "Piga sasa hivi!"

Haipatikani. Haipatikani. Gervais akasimama, akasema jaribu ile laini yake nyingine. Ikaita! Tereza akaweka sauti kubwa.

"Mke wangu! Mtoto hajambo?"

"Gideon, simama. Usivuke maji. Zungumza na huyu."

"Gideon, mimi mke wa Gervais," nikasema. "Simamisha gari, washushe watu, wakae mahali pakavu. Kile kisanduku kitakuzimia majini."

"Aaa, shemeji mwenyewe! Mwokozi wetu!" Alikuwa anapaza sauti kushinda injini, na nyuma yake nikasikia watu wananisalimia kwa vifijo. "Shemeji, mbona maji yenyewe madogo? Ngoja nivuke kwanza, nikifika ng'ambo nakupigia."

"Usivuke! Gideon!"

Injini ikapanda sauti. Nikasikia maji. Simu ikakatika.

Gervais amechukua bodaboda kwenda Sitalike, ameshikilia kwa mkono mmoja. Kabla hajatoka amepiga simu kwa mzee Methusela na kumfokea kama mtoto mdogo, na kwa dereva wa gari la tatu, huyo amesimama Kibaoni na abiria wameshuka. Polisi wameambiwa, askari wa hifadhi wameambiwa. Nimeona nimeandika kila tulichofanya, kama vile kuandika kutasaidia.

Tereza yuko kitandani kwangu. Amekataa chai, amekataa nimshikie mtoto. Anapiga, anasikiliza yule dada wa mtandao mpaka mwisho, anapiga tena. Mvua imeanza upya na bati linapiga kelele mpaka tunasogeza simu karibu na sikio.

Sasa hivi ameniuliza, bila kunigeukia, kama gari likiwa na kile kitu linazima ghafla au linatoa dalili kwanza, dereva akapata nafasi ya kurudi nyuma.

Nilitaka kumwambia linatoa dalili. Neno lilikuwa mdomoni.

"Ghafla," nikamwambia.

Ameitikia kwa kichwa, kisha akapiga tena.